Nipake Nifanane Nao

Jumamosi moja ya Desemba, mwaka juzi, mwanamke mmoja aliingia saluni ya senje hapa Shirere akataka kupakwa poda. Saluni yenyewe ni chumba kimoja cha mabati kando ya barabara: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa, na taa inayowaka hata mchana kwa sababu dirisha ni dogo. Senje husuka. Mimi hukaa pembeni na kompyuta, naandikia watu wa intaneti makala wanazolipia kwa idadi ya maneno, na nikiitwa nashika brashi. Chuo niliacha mwaka wa tatu. Mekapu nilijifunzia bwenini, kwenye nyuso za wenzangu, na ndiyo elimu pekee niliyotoka nayo huko ambayo huniletea pesa siku hiyo hiyo.

"Siste, nipake ile," akasema, akaonyesha kikopo kilichokuwa cheupe kuliko uso wake kwa hatua mbili au tatu. Alikuwa mweusi, weusi ule mzito wa mamangu.

Sikumpaka. Nilimpa hotuba. Nikamwambia yeye ni mrembo hivyo alivyo, kwamba hii tamaa ya weupe tuliachiwa na wakoloni, kwamba kuna watu wameharibu figo kwa sababu ya mambo haya haya. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye bodaboda inamngoja nje. Kisha akasema asante, akavuka barabara, akaingia saluni ya pili. Mimi nilishinda nikijisikia vizuri mpaka jioni. Mtu akikataa mia tatu kwa sababu ya msimamo, haki ana ruhusa ya kujipongeza kidogo.

Wiki mbili baadaye akaja msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kofia pana kichwani, mikono mirefu ya sweta ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa na ualbino. Dada yake mkubwa alikuwa anaolewa siku hiyo. Akatoa simu, akaisogeza karibu sana na macho, akanitafutia picha: wasichana wanne wa nyumba moja mbele ya jiko la kuni, watatu kahawia, yeye wa nne. Akasema, "Dada, leo kuna mpiga picha wa kulipwa. Nipake nifanane nao."

Sikuwa na hotuba. Moyo ulinilainika papo hapo. Nikasema, "Keti hapa," nikaanza kutafuta kikopo cha kahawia.

Senje hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka. Akauliza tu, "Na yule wa juzi ulimfukuza kwa nini?"

Hili swali nimelibeba tangu siku hiyo. Wanawake wawili waliniomba kitu kimoja: rangi isiyo yao, kwa mchana mmoja. Mmoja nilimhukumu, mwingine nikamhurumia. Kama kubadilisha rangi ya uso ni kujikana, basi wote wawili walikuwa wanajikana. Kama ni haki ya mtu juu ya uso wake, basi wote wawili walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimetumia mizani mbili katika chumba kimoja, na kwa dhamiri safi kabisa.

Ajabu ni kwamba mwezi huo huo nilikuwa nimemwandikia mteja makala kuhusu jinsi ya kuchagua poda kwa ngozi kavu au ngozi nyeupe. Niliandika mambo ambayo bado nayaamini. Poda nyingi za uso ni talki, yaani jiwe laini lililosagwa, pamoja na vitu kama mika, silika au wanga wa mahindi, halafu rangi zinazotokana na oksidi za chuma. Kazi yake kubwa ni kunywa mafuta. Sasa ngozi kavu haina mafuta ya kunywesha. Ukiijazia poda, poda inakunywa hata ule unyevu mdogo uliopo, inashika kwenye magamba, na kila mkunjo unasimama kama ufa kwenye ukuta wa udongo. Kwa hiyo paka losheni kwanza. Ngoja dakika kadhaa iingie. Chukua poda kidogo, gonga brashi ili inayozidi ianguke, kisha ibonyeze usoni; usiisugue. Paji, pua na kidevu vinatosha. Mashavu yaache.

Kuhusu rangi, niliandika kwamba usipime kwenye mgongo wa mkono, kwa sababu mkono na uso havilingani. Pima kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, halafu toka nje ujiangalie kwenye mwanga wa mchana. Taa ya dukani hudanganya. Na ile poda inayouzwa kama isiyo na rangi, ati inamfaa kila mtu, ukipigwa picha kwa mwako wa kamera inaweza kumwachia mtu mweusi uso wa majivu. Nikamaliza kwa kusema poda nzuri ni ile ambayo, ukishaipaka, hakuna anayeiona.

Nililipwa. Lakini kila nilipoandika "ngozi nyeupe" nilikuwa nikimwona kichwani mwanamke wa Ulaya, mbele ya kabati la bafu lake. Haikunipitia hata mara moja kwamba ngozi nyeupe na kavu ya makala yangu ingeweza kuingia mlangoni Shirere ikiwa na sweta, ikisalimia senje kwa Kiluhya. Kumbe huyo mwanamke nilikuwa namfundisha kuchagua poda yake bila kumwona, na huyu wa kwetu sikuwa nimemfikiria kabisa. Katika sensa ya 2019, Kenya ilihesabu watu wenye ualbino 9,729. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wahesabiwe peke yao.

Turudi kwa swali la senje. Jibu langu la kwanza lilikuwa la madhara. Nikamwambia yule wa kwanza alikuwa ameanza njia ya kujichubua. Krimu na sabuni zenye zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi ikawa na madoa ya bluu-nyeusi ambayo ni vigumu kuyaondoa. Kenya imezipiga marufuku zote mbili katika vipodozi, na Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017, unazigusa pia bidhaa hizi. Senje akanisikiza, akamalizia msuko, akasema, "Lakini yeye aliomba poda."

Alikuwa sahihi. Poda hutoka kwa maji na sabuni. Krimu ya zebaki haitoki, kwa sababu imeshaingia mwilini. Hiyo ni tofauti kubwa, na bado ningemkatalia mtu yeyote anayetaka nimpake hiyo krimu, hata akilipa elfu kumi. Ila nilichokuwa nimefanya ni kumshtaki mwanamke kwa kosa la krimu wakati mkononi nilikuwa na poda.

Jibu la pili lilikuwa la ukweli na uongo. Kukhu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema uso ni barua ya Mungu, usiandike juu yake. Lakini kukhu huyo huyo hakutoka kwenda kanisani bila kujipaka mafuta mpaka ang'ae. Na si kila kinachopakwa usoni kinaficha. Pwani, liwa husagwa kwenye jiwe kwa maji, na bibi harusi husingwa nayo. Komoro, wanawake hutembea barabarani mchana na msindanu usoni, rangi ya manjano, na hakuna anayeuliza wanamdanganya nani. Uongo hauanzii kwenye rangi. Unaanza pale mtu anapoaminishwa jambo ambalo lina uzito kwake. Arusini Shirere, nani angedanganywa? Kila mtu boma lile alimjua yule msichana tangu azaliwe.

Jibu la tatu ndilo lililoniuma. Nilisema yule wa kwanza alikuwa akifuata weupe kwa sababu dunia inaupenda weupe, na huyu wa pili alikuwa akiukimbia kwa sababu dunia inamuumiza. Ndiyo, ni kweli. Lakini tazama hiyo sentensi vizuri. Ni weupe gani huo unaopendwa na kuumiza kwa wakati mmoja? Mtaani tunasema msichana ni "rangi ya thao", rangi ya noti ya elfu moja, na hiyo ni sifa. Vijana wanapiga miluzi. Msichana mwenye ualbino akipita hapo hapo, mtoto anapiga kelele "mzungu!", na kuna watu wazima ambao bado wanatumia lile jina la zamani linaloanza na z, ambalo sitaliandika. Ngozi yake ni nyeupe kuliko thao. Mbona hapewi sifa?

Kwa sababu tunachokipenda si weupe wenyewe. Tunapenda rangi iliyopewa kibali. Kuna kipande kidogo katikati, si cheusi sana wala si cheupe sana, ambacho mtaa umekubali kukiita uzuri, na wote walio nje yake, juu au chini, wanaombwa kusogea. Wanawake wangu wawili walikuwa wakitembea kutoka ncha mbili za njia moja kwenda mahali pamoja. Huyu mmoja nilimwambia arudi nyumbani akajipende. Huyu mwingine nilimshika mkono.

Nimefikiria pia vikopo vyenyewe. Iman, yule mwanamitindo Msomali aliyezaliwa Mogadishu 1955, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoonwa na mpiga picha Peter Beard mwaka 1975 na kwenda Marekani. (Naye hakurudi darasani, lakini tusijilinganishe.) Amesimulia mara nyingi kwamba katika kazi zake za mwanzo New York mpambaji alimuuliza kama amekuja na vipodozi vyake mwenyewe, kwa sababu hapo hapakuwa na vya rangi yake. Ikabidi ajichanganyie, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake. Rihanna alipotoa Fenty Beauty mwaka 2017 ikiwa na rangi 40, watu walizungumzia zile nyeusi, na kwa haki. Lakini mwanzo kabisa wa orodha kulikuwa na rangi hafifu sana, na kuna watu weusi wenye ualbino waliosema wamepata yao. Bidhaa hizo zilianza kuuzwa rasmi Kenya Mei 2022. Bei yake hapa kwetu ni habari nyingine.

Kikopo kisichokuwepo dukani nacho kinamwambia mtu kitu. Kinamwambia hakutarajiwa. Kwenye meza ya senje kulikuwa na poda sita siku hiyo, zote za kahawia, kutoka kahawia ya chai ya maziwa mpaka kahawia ya kahawa. Nilipomuuliza msichana, "Sasa nikupake ipi?" nilikuwa nampa uchaguzi ambao meza ilikuwa imeshamfanyia. Hata angetaka poda ya rangi yake mwenyewe, hatukuwa nayo. Tunapenda kusema "ni uso wake, aamue mwenyewe." Sawa. Lakini mtu anaamua kati ya vilivyo mezani, mbele ya macho ya wanaomngoja nje.

Nilimpaka. Wacha nieleze nilivyofanya, kwa sababu kazi nayo ina maadili yake. Pua na mashavu yalikuwa yamechomwa na jua, ngozi kavu inayochunika. Nikamuuliza kama ana mafuta ya kukinga jua. Alikuwa nayo kwenye mkoba, yale yanayotolewa bure hospitalini kupitia mpango wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lakini alikuwa anayabana yasiishe. Nikamwambia leo asibane. Poda si kinga ya jua, hata kikopo kikiandikwa SPF, kwa sababu hakuna anayepaka poda nyingi kiasi cha kutosha kumkinga. Losheni kwanza, kinga ya jua juu yake, tukangoja, senje akatupa chai. Ndipo nikabonyeza kahawia, kidogo kidogo, usoni, masikioni, shingoni, na juu ya mikono.

Chini ya taa alipendeza. Nikajua ni uongo wa taa. Nikamwambia, "Njoo mlangoni."

Nje, kwenye mwanga wa saa nne, kila kitu kilionekana. Rangi ilikuwa nzuri katikati ya uso, ikaingia uchungwa kidogo kwenye taya. Nyusi na kope zake zilikuwa za dhahabu hafifu, na juu ya kahawia ziling'aa kuliko mwanzo. Nikamwonyesha kwa kioo kidogo, nikamwambia yote: hapa itaonekana, hapa ukitoka jasho itatoka, mwako wa kamera utafanya hivi. Nikasema naweza kuifuta yote na kukuacha na losheni na wanja tu. Alijiangalia muda mrefu, kioo kikiwa karibu na pua. Hakucheka wala hakulia. Akasema, "Iache."

Ningependa kuandika kwamba aliifuta. Insha ingekuwa nzuri zaidi, na mimi ningeonekana mwema. Hakuifuta. Alivaa kofia, akalipa, akaondoka.

Jumatatu alirudi kumrudishia senje shali aliyoazimwa. Uso ulikuwa wake. Nikamuuliza arusi ilikuwaje. "Ilikuwa raha," akasema. "Hakuna mtu aliniangalia." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha, kwamba kina mama wawili wazee wa upande wao wenyewe walimsimamisha kwenye foleni ya chakula wakamuuliza, "Na wewe ni wa nani?"

Kwetu hilo ni swali la kawaida. Unaulizwa wewe ni wa nani ili ujulikane uketi wapi, usalimiwe vipi, upewe nyama gani. Lakini yeye hakuwa amewahi kuulizwa maishani mwake. Popote alipopita, watu walijua. Hiyo siku moja aliyopumzika macho ya watu, alilipia kwa kuwa mgeni kwao. Nikamuuliza kama anajuta. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Hapana. Nilitaka kujua vile huwa," akasema. Halafu: "Siku nyingine nitafutie yangu. Nijue hiyo nayo vile huwa."

Nafikiri hapo ndipo nilipokosea na yule wa kwanza, na hapo ndipo nilipokaribia kukosea na huyu pia. Nilidhani kazi yangu ni kuamua kama tamaa ya mtu ni safi. Lakini mtu akiomba afanane na wengine, mara nyingi anaomba mapumziko. Anataka mchana mmoja ambao uso wake si mada. Nani asiyetaka hayo? Aibu ya jambo hili, kama ipo, iko kwa wanaokodoa macho, na mimi niliyejua kuwahubiria wateja sijawahi kumhubiria hata kijana mmoja anayepiga miluzi pale steji. Wateja ni rahisi kuwahubiria. Wameketi, na una brashi mbele ya uso wao.

Sisemi basi kila ombi ni sawa. Ninachokidai kwangu sasa ni vitu vitatu. Nisipake kitu ambacho maji hayawezi kuondoa. Nisimfiche mtu vile poda itakavyoonekana nje, hata kama ukweli utanikosesha pesa. Na niulize kabla sijajibu. Yule mwanamke wa Desemba, sikumuuliza hata anaenda wapi. Labda alikuwa anataka weupe. Labda alikuwa na madoa aliyotaka yazimike, na kikopo hicho ndicho alichowahi kuona kikitumika. Nilikuwa na jibu tayari, na mtu mwenye jibu tayari hana haja ya kuuliza. Nimewahi kumwona mara moja sokoni, akichagua nyanya. Nilitaka kumsalimia nikakosa la kusema. Uso wake, kwenye jua, ulikuwa hauna chochote.

Mwezi wa pili nilituma pesa Nairobi, nikaletewa kikopo kimoja cha poda hafifu, rangi ya ndani ya ndizi mbivu. Kilinigharimu malipo ya makala mbili. Kiko mezani na wale sita. Watu huuliza ni cha nani, kwa sababu wanaona wazi si cha kwao, na senje huwajibu, "Kina mwenyewe."

Kioo tumekihamisha karibu na mlango. Ufa bado upo. Mtu akiketi siku hizi, kabla sijafungua kikopo chochote, namuuliza, "Unaenda wapi leo, na nani watakuwa huko?" Wengine wananiona mdaku. Wengine hunyamaza kidogo, kisha wanaanza kunieleza.